Mzimu Ulioshtakiwa: Somo la Uhakiki kutoka Wundanyi

Makala haya yanakusudia kujibu swali moja: mauaji yanapotokea penye mizimu, ni nani huwasemea wafu?

Katika filamu ya Kijapani *Rashomon* (1950), ambayo Akira Kurosawa aliitoa katika hadithi za Ryunosuke Akutagawa, marehemu hupewa kinywa. Anatoa ushahidi kupitia kwa mganga, lakini kauli yake hailingani na za wengine. Kifo hakikumfanya shahidi wa kuaminika zaidi.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja alifuata njia nyingine. *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960, ina athari za Sherlock Holmes: Bwana Msa ana kiko chake, na Najum ni mwandani wake mfano wa Watson. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni. Hapa wafu wamenyamaza; walio hai ndio wanaowasemea, na hofu yao inampa muuaji maficho. Nani athubutu kuichunguza kazi ya mizimu?

Tumezoea kufunza kwamba Bwana Msa anaushinda ushirikina. Nionavyo, usomaji huo umekomea njiani. Anapothibitisha kuwa muuaji ni binadamu, anaufutia mzimu shtaka la uongo pia.

Msomaji wa Wundanyi analielewa jambo hili kwa wepesi. Zamani Wataita walilifukua fuvu la marehemu baada ya muda, wakalihifadhi pangoni pamoja na mafuvu ya ukoo wake. Baadhi ya mapango hayo yangaliko vilimani. Mgeni huona kitisho. Mwenyeji aliona wazee waliopangwa kwa heshima, wa kuendewa wakati wa shida.

Basi atakayetaka kuigiza au kupiga filamu ya riwaya hii katika vilima vya Taita atakabiliwa na mtihani. Akiyafanya mafuvu kuwa pambo la kutisha, atarudia kosa lile lile la wanaomsaidia muuaji bila kujua: kuwatwika wafu lawama za walio hai.

Swali la mjadala: Je, fanani anaweza kuitumia hofu ya hadhira bila kuwavunjia heshima wenye makaburi? Jadili kwa kurejelea riwaya iliyotajwa.