SOMO LA WAFUGAJI WA MAZIWA: USUGU WA VIJIDUDU DHIDI YA DAWA

Somo hili limekusudiwa kusomwa katika vikundi vya mafunzo vya vyama vya msingi. Katibu wa kikundi alisome kwa sauti, kisha wanachama wayajadili maswali yaliyo mwishoni.

Wafugaji wengi hulalamika kwamba dawa iliyokuwa ikiponya ugonjwa wa kiwele sasa haifanyi kazi. Wengine husema kwamba ng'ombe "amezoea sindano". Usemi huo si sahihi. Ng'ombe hazoei dawa. Vijidudu viitwavyo bakteria ndivyo vinavyokuwa sugu. Tofauti hii ni kubwa, maana kijidudu sugu huweza kumtoka ng'ombe huyo kikamwingia ng'ombe wa jirani, au mkamuaji mwenyewe.

1. Usugu huanzaje?

Bakteria huzaana kwa kugawanyika. Wako walio wepesi kiasi cha kugawanyika kila dakika 20 wapatapo chakula na joto la kutosha. Kwa kasi hiyo kijidudu kimoja huwa 8 baada ya saa 1, na baada ya saa 7 hupita milioni 2. Katika kuzaana huko hutokea makosa madogo katika chembe za urithi. Mengi hayana faida, lakini mara chache kosa moja hukipa kijidudu uwezo wa kuistahimili dawa. Baadhi ya vijidudu huivunja dawa, vingine huitapika nje, vingine hubadili mahali ambapo dawa ingeshika.

Dawa inapoingia, vijidudu dhaifu hufa na vile sugu hubaki peke yake, vikizaana bila mshindani. Ni sawa na mkulima anayepalilia shamba kwa kung'oa mahindi na kuyaacha magugu.

Jambo hili halikuanza jana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nishani ya Nobel mwaka 1945 kwamba kutumia kipimo kidogo mno kungevifanya vijidudu kuwa sugu.

2. Usugu huenezwaje?

Kijidudu sugu huwarithisha wazao wake usugu. Lakini iko njia nyingine ya hatari zaidi: vijidudu hupeana vipande vya chembe za urithi, viitwavyo plasmidi, hata kama si wa jamii moja. Wataalamu wa Japani walilithibitisha jambo hili mwaka 1959 walipochunguza vijidudu vya kuhara damu. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba nchini China kumeonekana plasmidi yenye usugu dhidi ya kolistini, dawa inayotunzwa kwa wagonjwa mahututi. Plasmidi hiyo ilipatikana kwa nguruwe, katika nyama na kwa wagonjwa. Kolistini ilikuwa ikichanganywa katika chakula cha mifugo ili wanenepe upesi. Mwaka 2017 China iliyapiga marufuku matumizi hayo.

3. Hasara yake

Wataalamu wanakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya vijidudu sugu. Kwa chama chetu iko hasara nyingine. Debe moja la maziwa yenye dawa, likimiminwa katika tangi la kituo, huyaharibu maziwa ya wanachama wote. Mtindi na jibini havigandi vizuri, kwa sababu dawa huviua vijidudu vyema vya kugandisha. Kuchemsha hakuwezi kutegemewa kuiondoa dawa hiyo.

4. Wajibu wa mwanachama

(a) Asinunue dawa kwa kubahatisha. Kwanza amwite daktari wa mifugo.
(b) Atoe dawa kwa kipimo na kwa siku zilizoagizwa, asizidishe wala asipunguze, hata kama kiwele kimekwisha kupoa.
(c) Asipeleke maziwa kituoni mpaka zimalizike siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa.
(d) Asiwape ndama maziwa hayo, kwa kuwa dawa huzalisha vijidudu sugu matumboni mwao.
(e) Anawe mikono, asafishe chuchu, na ng'ombe mgonjwa amkamue mwisho. Ugonjwa uliozuiwa hauhitaji dawa.

Ni lazima tukiri kwamba mwanachama mwaminifu, amwagaye maziwa ya siku za dawa, hupata hasara peke yake, ilhali faida ya uaminifu wake huwafikia wote. Chama kikimwachia mzigo huo yeye tu, kitakuwa kinamshawishi afiche. Kwa hiyo jambo hili si la mfugaji mmoja. Ni la mkutano mkuu.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini si sahihi kusema kwamba ng'ombe amezoea dawa?
2. Usugu huwezaje kutoka zizi moja hadi jingine?
3. Je, chama chetu kianzishe mfuko wa kumfidia mwanachama anayetoa taarifa kwamba ng'ombe wake yumo katika matibabu? Fedha zitoke wapi, na nani athibitishe?