Motakaa au Gari la Watu Wote? Somo kwa Wanaohamia Mji Mkubwa



Kila msimu wa karafuu ukiisha, karafuu zikiwa zimechumwa, zimeanikwa na kupimwa, wako wenzetu wa kisiwa hiki cha Pemba ambao hufunga mizigo yao, hushuka mpaka gatini Mkoani, na kupanda meli kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Hatuwalaumu, maana riziki hutafutwa ilipo. Walakini liko jambo moja ambalo limetuhuzunisha zaidi ya mara moja. Mtu hukusanya fedha za mavuno ya miaka kadha, na kabla hajajua atapanga chumba mtaa gani wala kazi yake itakuwa wapi, hununua motakaa. Mwaka haujatimia, motakaa imesimama uani juu ya mawe, fedha imekwisha, na watoto aliowaacha nyumbani wanasubiri sare za shule.

Basi mwezi huu twataka kulichungua jambo hili kwa utaratibu, kama somo. Swali letu ni hili: ahamiaye mji mkubwa, yampasa kuendesha gari lake mwenyewe, au kupanda gari la watu wote? Walimu wanaweza kulisoma pamoja na vijana, na mwishoni tumeweka maswali ya kuwasaidia.

I. Mji si kisiwa

Pemba ina urefu wa kilometa kama 67. Atokaye Chake Chake kwenda Mkoani hupanda gari namba 603, na aendaye Wete hupanda namba 606. Dereva humjua abiria, na abiria humjua dereva. Mtu akisahau kikapu chake garini hukipata kesho yake. Mwenye motakaa hapa huitumia kwa raha, kwa kuwa njia si za msongamano, na pa kuisimamisha hapakosekani.

Dar es Salaam ni habari nyingine. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, mkoa huo ulikutwa na watu zaidi ya 5,300,000, nao ni karibu mara kumi ya watu wote wa Pemba. Asubuhi wengi wao huelekea upande mmoja, Kariakoo, Posta na Kivukoni, na jioni hurudi wote pamoja. Hapo ndipo foleni huzaliwa. Haiwi kwa ubaya wa madereva peke yao. Ni hesabu tu: barabara ina upana wake, na motakaa moja iliyobeba mtu mmoja huchukua nafasi kubwa kuliko mtu yule ahitajivyo. Basi refu lenye kiungo katikati huchukua watu zaidi ya mia moja. Watu hao hao, kila mmoja akiwa katika motakaa yake, wangejaza barabara kwa mwendo mrefu.

II. Magari ya watu wote ya Dar es Salaam

Yafaa mgeni ajue yalivyoanza. Mwaka 1949 iliundwa kampuni ya mabasi ya mji ule. Mwaka 1970 ikatwaliwa na serikali, na mwaka 1974 likaundwa shirika la Usafiri Dar es Salaam, ambalo watu huliita UDA. Mji ukakua upesi kuliko mabasi, na watu wakajaa vituoni. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kuchukua abiria, na nauli yake ilikuwa shilingi tano. Sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala; ndipo likapatikana jina la daladala, ambalo hata sisi visiwani twalitumia. Daladala za Dar es Salaam huandikwa majina ya vituo viwili vya mwisho, nazo hutiwa mstari wa rangi. Ajifunzaye majina na rangi hizo hatapotea.

Mwezi wa Mei 2016 ndipo yalipoanza mabasi ya mwendokasi. Njia yake ya kwanza ilijengwa kutoka Kimara hata Kivukoni, pamoja na matawi ya kwenda Gerezani na Morocco, jumla yake kama kilometa 21. Mabasi hayo yalitengewa njia yao katikati ya barabara, na abiria hulipa kwanza, kisha husubiri juu ya jukwaa lililolingana na mlango wa basi. Si jambo lililobuniwa kwetu. Mji wa Curitiba huko Brazil ulianza mtindo huu mwaka 1974, na Bogotá huko Kolombia mwaka 2000. Baada ya njia ile ya kwanza ya Dar es Salaam ikajengwa nyingine kuelekea Mbagala.

Tena liko pantoni la Kigamboni, na tangu mwaka 2016 liko daraja juu ya maji ya Kurasini. Ziko bajaji na bodaboda kwa safari fupi za kutoka njia kuu hadi mitaani.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwa kusifu tu. Mwendokasi umepata lawama nyingi: mabasi yamekuwa machache kuliko watu, na abiria wamesongamana mpaka milango ikakataa kufunga. Bonde la Msimbazi pale Jangwani limefurika mara nyingi wakati wa mvua, na njia ikafungwa. Kwa hiyo anayefika asitegemee habari za mwaka jana. Na aulize wenyeji hali ya njia ilivyo wakati huo.

III. Hesabu ya fedha

Tuweke mfano. Kijana wa Wete amwambia baba yake, "Baba, nikiwa na gari sitalipa nauli." Baba amjibu, "Mwanangu, kununua ng'ombe ni siku moja, kumlisha ni kila siku." Tumfuate mzee huyu kwa hesabu.

Tuseme kijana amepanga Kimara, na kazi yake iko karibu na Kivukoni. Kwenda ni kilometa kama 15, na kurudi 15. Jumla 30 kwa siku. Akienda kazini siku 26 katika mwezi, atatembea kilometa 780. Motakaa ndogo ikitumia lita moja kwa kila kilometa 10, kwa kuwa katika foleni mafuta huungua hata gari likisimama, atahitaji lita 78. Na azidishe lita hizo kwa bei ya mafuta ya siku hiyo.

Sasa ahesabu nauli. Safari mbili kwa siku, siku 26, ni nauli 52. Ikimpasa kubadili gari mara moja katika kila safari, ni nauli 104. Nauli za Bara husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Basi ni rahisi kuzijua. Na aziweke hesabu hizi mbili bega kwa bega.

Walakini hesabu ya motakaa haikomi katika mafuta. Iko bima, yako matairi, iko kazi ya fundi na vipuri, uko ushuru wa kuegesha mjini. Tena liko jambo ambalo wengi hulisahau: bei ya gari lenyewe. Mtu akikusudia gari limtumikie miaka mitano, ni miezi 60. Basi agawanye bei kwa 60, na sehemu hiyo aihesabu kila mwezi kama gharama, akipunguza tu kile anachotumaini kupata atakapoliuza. Mashua iliyopandishwa pwani huoza ijapokuwa haivui. Vivyo hivyo motakaa hupungua thamani ijapokuwa imesimama.

Kwa atakaye kuvusha motakaa yake kutoka Pemba, twamwonya jambo moja. Ziko meli zichukuazo magari, lakini usajili wa Zanzibar ni mbali na usajili wa Bara. Na aulize kwanza kwa wakuu wa mapato masharti na kodi zilivyo, tena aulize pande zote mbili, asije akakwama bandarini na gari lake.

IV. Hesabu ya saa

Wako wasemao, "Fedha hurudi, saa hairudi." Ni kweli. Motakaa humchukua mtu kutoka mlangoni hata mlangoni, haimngojeshi kituoni, na mvua haimpati. Lakini katika saa za asubuhi na jioni, motakaa na daladala hukwama katika foleni ile ile, na mwenye motakaa hana ruhusa ya kupita njia ya mwendokasi. Tena abiria aliyepata kiti aweza kusoma au kusinzia, na dereva hawezi hata kimoja. Kwa hiyo asipime saa peke yake, ila apime pia anafikaje: amechoka au ana nguvu.

V. Wanaohitaji motakaa kweli

Tusiwe watu wa upande mmoja. Wako ambao kwao motakaa si anasa. Mlemavu ambaye hawezi kupigania mlango wa basi anaihitaji. Mwuguzi atokaye kazini usiku wa manane, hasa mwanamke, ana haki ya kurudi salama. Fundi mwenye vyombo vizito, na mfanyabiashara ambaye kila siku hupeleka mali mitaa mitano, kwao gari ni jembe la kazi, nalo hujilipa. Watu wanne wa nyumba moja waendao upande mmoja wakigawana mafuta, hesabu yao yaweza kushinda nauli. Na wako wakaao mbali na njia kuu, ambapo daladala hazifiki.

Mtu na ajiulize kwa unyofu: je, mimi ni mmoja wa hawa, au nataka tu jirani zangu wa Pemba wasikie kwamba nina gari? Swali hili huuma, lakini ndilo liokoalo fedha. Kijana aliyekwenda mjini kwa jasho la mama yake mchumaji karafuu hana deni la fahari. Deni lake ni kuwa na maisha yenye msingi.

VI. Utaratibu tushaurio

Kwanza, tafuta kazi, kisha nyumba, na gari liwe la mwisho. Wengi hugeuza utaratibu huu. Chumba kilicho karibu na njia kuu chaweza kuwa na kodi kubwa kidogo, lakini huondoa bodaboda ya kila asubuhi na kila jioni. Basi jumlisha kodi na nauli pamoja, usitazame kodi peke yake.

Pili, kabla ya kulipa kodi, safiri njia ile siku ya kazi, asubuhi ile ile utakayotoka. Usiijaribu Jumapili, maana Jumapili mji husema uongo.

Tatu, kaa miezi mitatu ukipanda magari ya watu wote, na kila jioni andika katika daftari nauli uliyolipa, saa uliyotoka, na saa uliyofika.

Nne, miezi hiyo ikiisha, fanya hesabu tuliyoionyesha. Daftari likikuambia nunua, nunua bila haya, likikukataza, tii. Fedha iliyobaki ina kazi nyingi: ada za watoto, mtaji, au mikarafuu mipya shambani.

Twamaliza. Yuko apandaye basi naye ni mtu wa heshima, na yuko aendeshaye motakaa iliyompasa, naye pia ni mtu wa heshima. Aibu ni ya yule achukuaye gari kabla ya hesabu, akawaachia wengine deni.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini motakaa huleta raha Pemba na taabu Dar es Salaam? Eleza kwa mfano wako.
2. Taja gharama nne za motakaa zisizokuwa mafuta.
3. Mtu akisafiri kilometa 20 kwenda na 20 kurudi, siku 26 kwa mwezi, gari likitumia lita moja kwa kilometa 10, atahitaji lita ngapi?
4. Ni nani katika mtaa wenu ambaye motakaa kwake ni hitaji la kweli? Toeni sababu.
5. Ukiwa na fedha za mavuno mkononi, ungeanza na lipi, na kwa nini?