Kufundisha Uchaguzi wa Mavazi: Kitambaa na Mshono

Mwanachuo aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Kasulu au Kibondo hana budi kukumbuka kwamba mtoto hutaka mambo mawili katika vazi: afanane na wenzake, tena atambulikane kuwa ni yeye. Somo hili la Darasa la Tano lakusudia kumwonyesha kwamba mambo hayo yaweza kukaa pamoja.

Vifaa: Kipande cha kitenge, karatasi na penseli.

Utangulizi: Waulize wanafunzi jamaa za bibi arusi huvaaje. Watasema kwamba aghalabu hushona sare ya kitenge kimoja. Uliza tena: Je, mishono nayo ni sawa? Hapo watatambua kwamba huyu ana gauni, yule sketi na blauzi, mwingine shati. Kitambaa chasema "sisi". Mshono wasema "mimi".

Hatua ya 1: Kila kikundi kichore mishono mitatu ya kitenge hicho.

Hatua ya 2: Siku moja kabla ya somo, wanafunzi waulize sokoni bei ya kitenge, ujira wa fundi cherehani, na bei ya gauni la mtumba. Darasani walinganishe gharama, uimara wa nguo, na kama rangi yachuja. Kila kikundi kitoe uamuzi na sababu zake.

Hatua ya 3: Hadi hapa mchaguzi ni mvaaji mwenyewe. Sasa eleza kwamba wengine nao hudai sauti. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1969 sketi fupi, wigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku Dar es Salaam, kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Wajadili: Nani aamue mtu avae nini? Ongoza mjadala, lakini usiwape jibu.

Tahadhari: Usimsimamishe mtoto yeyote ili vazi lake liwe mfano. Mwenye sare ya shule iliyochanika hakuichagua, kwani kuchagua kwahitaji uwezo. Mwalimu akitabasamu, darasa zima litacheka, na huenda mtoto yule asirudi kesho. Tumia watu wa kubuni.

Kupima: Kila mwanafunzi aandike sentensi tano kuhusu vazi ambalo angelishona, akieleza ni nini ndani yake kinachomuunganisha na wenzake na ni nini kilicho chake peke yake. Atakayeweza kutenganisha hayo mawili amelielewa somo.