Nguvu ya Miguu ni Kinga: Mazoezi Yanavyowaepusha Wazee na Kuanguka

Katika Wilaya ya Same, kutembea ni kupanda na kushuka. Mkazi wa Chome, Suji, Vudee, Vunta au Mamba Miamba hupita njia zenye miteremko mikali anapokwenda shambani, kisimani, gulioni au kwenye ibada. Wakati wa vuli na masika njia hizo huwa na utelezi, na ukungu huzidi kuficha mawe na mizizi. Tambarare nako kuna hatari zake: katika mashamba ya mpunga ya Ndungu, kwa mfano, mpita njia hulazimika kuvuka mifereji na kutembea juu ya kingo nyembamba. Kijana akiteleza hujishika na kuendelea na safari. Mzee akiteleza mahali hapo hapo anaweza kuvunjika nyonga.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Miongoni mwa vifo vitokanavyo na ajali, idadi hiyo inazidiwa na ile ya ajali za barabarani pekee. Wengi wa wanaofariki ni watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inautambua kuwa ni wa uzee. Suala hili linaihusu Same kwa karibu, kwa kuwa Mkoa wa Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye uwiano mkubwa wa wazee nchini.

Kwa nini mzee huanguka

Wengi huamini kuwa kuanguka ni sehemu ya uzee na kwamba hakuna la kufanya. Imani hiyo si sahihi. Ili mtu asianguke baada ya kujikwaa, mambo mawili hufanya kazi kwa haraka: misuli ya mapaja, nyonga na vifundo vya miguu humshikilia, na mwili hurudisha usawa wake, yaani uwezo wa kusimama imara bila kuyumba. Umri unapoongezeka, mambo yote mawili hupungua. Hata hivyo, hupungua kwa kasi zaidi pale yasipotumika, na yakifanyiwa mazoezi hurudi kwa kiasi kikubwa, hata kwa mtu aliyevuka miaka 80.

Hapo ndipo upendo wa familia unapoweza kuleta madhara bila kukusudia. Mzee akianguka mara moja, watoto na wajukuu humwambia akae tu, asiende bustanini, asichote maji, asipande mlima. Naye mwenyewe huingiwa na hofu. Baada ya miezi michache ya kukaa, miguu iliyokuwa na nguvu hudhoofika, na siku atakapoinuka kwenda chooni huwa katika hatari kubwa kuliko ile ya mwanzo. Heshima kwa mzee ni pamoja na kumpunguzia mizigo mizito, lakini si kumnyima mwendo.

Wapo watakaouliza: je, wazee wa milimani ambao wametembea maisha yao yote wanahitaji mazoezi gani tena? Kutembea kuna faida nyingi kwa moyo na mapafu, lakini peke yake hakutoshi kuzuia kuanguka. Kinachohitajika ni mazoezi yanayolenga usawa wa mwili na nguvu za miguu.

Ushahidi uliopo

Nchini New Zealand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago waliwafuatilia wanawake 233 wenye umri wa miaka 80 na zaidi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1997. Nusu yao walifundishwa mazoezi ya kufanyia nyumbani, na nusu nyingine hawakufundishwa. Baada ya mwaka mmoja, kundi lisilofanya mazoezi lilikuwa na matukio 152 ya kuanguka, ilhali kundi la mazoezi lilikuwa na 88. Uchambuzi mpana wa mwaka 2019, uliojumuisha tafiti 108 na washiriki zaidi ya 23,000 kutoka nchi 25, ulionesha kuwa mazoezi hupunguza matukio ya kuanguka kwa takriban robo. Wazee wa New Zealand hawakuhitaji ukumbi wala mashine. Mazoezi ya aina hiyo yanaweza kufanyika katika baraza ya nyumba yoyote ya Same.

Mazoezi matano ya kuanzia

Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya usawa na nguvu angalau siku 3 kwa wiki. Mzee avae viatu visivyoteleza, na mtu mwingine awe karibu katika siku za mwanzo.

1. Kuinuka kitini. Mzee aketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, ainuke polepole, kisha aketi tena polepole. Ikiwezekana asijisukume kwa mikono. Aanze mara 5, na aongeze hadi 10 kadiri nguvu zinavyoruhusu.

2. Kuinua visigino. Akiwa ameshika meza au kizingiti cha dirisha, asimame kwa ncha za vidole, kisha ashuke taratibu. Halafu ainue vidole na kusimama kwa visigino. Kila moja mara 10.

3. Kuinua mguu pembeni. Akiwa bado ameshika meza, ainue mguu mmoja kuelekea upande bila kuinamisha mwili, kisha abadilishe. Mara 10 kila mguu. Zoezi hili huimarisha misuli ya nyonga.

4. Kusimama kwa mguu mmoja. Aanze kwa kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, kwa sekunde 10. Akizoea, ainue mguu mmoja kwa sekunde 10 huku mkono ukiwa tayari kushika.

5. Kupanda na kushuka ngazi moja. Atumie ngazi ya baraza iliyo karibu na ukuta au nguzo ya kushika. Apande na kushuka mara 5 kwa kila mguu. Zoezi hili humwandaa kwa mteremko, ambao huhitaji udhibiti wa mapaja kuliko mpando.

Mazoezi yanapokuwa mepesi ni ishara ya kuyaongeza, si ya kuyaacha. Faida huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, nayo hupotea mzee anapoacha.

Mzee mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu cha mara kwa mara, mfupa uliovunjika karibuni au ugonjwa wa moyo aonwe kwanza na mtoa huduma za afya. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi vikitokea katikati ya zoezi, aache mara moja na apelekwe kituoni.

Nyumba, macho na dawa

Mazoezi hufanya kazi vizuri zaidi pale hatari nyingine zinapoondolewa. Njia ya kwenda chooni isawazishwe, iondolewe mawe na iwe na kamba au fito ya kushika. Tochi iwekwe karibu na kitanda. Ndala zilizolika zibadilishwe kwa viatu vinavyoshika mguu. Mkongojo uwe na urefu unaofika kwenye kifundo cha mkono mzee anaposimama wima, na ncha yake iwekewe mpira.

Mzee anayeona ukungu apimwe macho, kwa kuwa mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji. Anayetumia dawa za shinikizo la damu au za usingizi, na kuhisi kizunguzungu anapoinuka, amweleze daktari. Asiziache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Kila mzee aketi ukingoni mwa kitanda kwa muda mfupi kabla ya kusimama.

Mzee akianguka

Asivutwe wala kuinuliwa kwa haraka. Aulizwe kwanza panapouma. Iwapo hawezi kuukanyagia mguu, au mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Asitembezwe, abebwe kwa machela na kupelekwa hospitali. Kutoka vijiji vya juu hadi barabara ya lami ni safari ndefu, na anayehitaji rufaa ya KCMC mjini Moshi husafiri takriban kilometa 100 zaidi kutoka Same mjini. Familia hubeba gharama na miezi ya uuguzi. Ndiyo sababu dakika 30 za mazoezi barazani zina thamani kubwa.

Wajibu wa jamii

Mabaraza ya wazee, vikundi vya kuweka na kukopa na nyumba za ibada hukutana mara kwa mara. Robo saa ya mazoezi kabla ya kikao huwapa wazee fursa ya kujifunza pamoja na kutiana moyo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waulize katika kila kaya wanayotembelea: je, kuna mzee aliyeanguka ndani ya mwaka huu? Aliyewahi kuanguka mara moja yuko katika hatari ya kuanguka tena, hivyo ndiye wa kwanza kuelekezwa zahanati na kufundishwa mazoezi haya. Wakazi wasisubiri mvua zianze. Mzee aliyeanza sasa atakuwa na miguu yenye nguvu zaidi njia zitakapoanza kuteleza.