SOMO LA MICHEZO: Rungu Huamuliwa Mkononi, Si Hewani

Wazazi, walimu na vijana wa Kaunti ya Kajiado, somo la toleo hili linahusu kitendo kinachochukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho: kuachilia rungu au mkuki. Wengi hudhani ushindi ni wa mwenye misuli. Nguvu inahitajika, lakini kikishatoka mkononi hakuna unachoweza kukiongezea. Kasi, mwelekeo na mzunguko wake vimeshaamuliwa.

Kwa nini somo hili linatuhusu

Mwaka wa 2012, huko Kimana, Kajiado Kusini, Michezo ya Olimpiki ya Wamaasai ilifanyika kwa mara ya kwanza. Wazee walezi wa morani, wanaoitwa menye layiok, walitaka vijana wawe na njia nyingine ya kuonyesha ushujaa badala ya kuwinda simba. Morani hushindana katika mbio za mita 200, 800 na 5,000, kuruka juu, kurusha mkuki na kurusha rungu. Wasichana pia wana mbio zao. Manyatta inayoibuka mshindi hutuzwa fahali wa mbegu. Bingwa wa mita 800, David Rudisha, amekuwa mlezi wa michezo hiyo.

Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, simba sita waliotoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo na kuua mbuzi. Kisa hicho kilitokana na uchungu wa hasara, si mila ya kuwinda, lakini kwa simba matokeo ni yaleyale. Ikiwa tunataka uwanja uchukue nafasi ya msitu, basi mchezo wenyewe ufundishwe vizuri, kijana aone kuwa una ufundi wa kujivunia.

1. Kasi

Kasi ya rungu linapotoka mkononi ndiyo huamua umbali kuliko kitu kingine chochote. Chukua rungu lililoachiliwa kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, sawa na gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa. Tukiacha upinzani wa hewa, linaweza kufika karibu mita 40. Ongeza kasi hiyo kwa asilimia 10, na umbali utaongezeka kwa asilimia 21.

Kasi haitoki mkononi peke yake. Huanzia miguuni, ikapita kiunoni, begani, kwenye kiwiko, na mwisho kwenye kifundo cha mkono. Anayerusha kwa mkono tu huchoka haraka na huumia bega.

2. Pembe

Kitabu cha fizikia kinasema pembe ya digrii 45 ndiyo bora. Hiyo ni kweli kwa kitu kinachoanzia na kuishia usawa mmoja. Sisi huachilia rungu juu ya kichwa, na mwili wa binadamu hupata kasi kubwa zaidi ukirusha chini kidogo ya pembe hiyo. Warushaji bora wa mkuki duniani huachilia kwa digrii 30 na kitu hivi.

Mkenya mwenzetu Julius Yego alijifunza ufundi huu kwa kutazama video za mabingwa kwenye intaneti. Mwaka wa 2015 alishinda dhahabu ya dunia jijini Beijing kwa mita 92.72.

3. Wakati wa kuachilia

Mkono unaorusha huchora upinde, na rungu hufuata mstari ulionyooka kutoka pale ulipoliachilia. Ukiliachilia mapema litapanda juu. Ukichelewa litagonga ardhi mbele yako.

Kosa dogo lina gharama kubwa. Mkono ukiwa na kasi ya mita 20 kwa sekunde kwenye upinde wa nusu kipenyo cha mita moja, kukosea kwa moja ya mia ya sekunde hubadilisha mwelekeo kwa digrii 11 hivi. Ukilenga shabaha iliyo umbali wa mita 30, hilo ni kosa la mita 6. Ndiyo sababu shabaha hupatikana kwa kurudia tendo lilelile mara nyingi, si kwa kukaza misuli.

4. Mzunguko

Rungu, au orinka kwa Kimaasai, lina uzito mwingi kichwani. Liweke juu ya kidole kimoja hadi litulie: hapo ndipo penye kitovu cha uzito, na hewani litazunguka kwenye sehemu hiyo. Kifundo cha mkono kikikunjuka kwa nguvu, litazunguka mara nyingi zaidi kabla ya kufika. Mrushaji hodari hujua umbali ambao kichwa hufika kwanza, naye husogea mbele au nyuma kupata umbali huo. Mkuki ni tofauti: haufai kupinduka, na ukiusukuma kando ya mstari wake utatikisika na kupoteza mwendo.

Kanuni hii hufanya kazi hata ardhini. Katika boling, mchezo wa kuviringisha mpira mzito kuangusha vigingi, kidole gumba hutoka kwanza na vidole viwili vilivyobaki huuzungusha mpira kidogo. Sehemu ya kwanza ya njia hupakwa mafuta, hivyo mpira huteleza tu. Ukifika pakavu, ule mzunguko hushika sakafu na mpira hupinda kuelekea vigingi. Anayetazama hudhani mpira umebadili nia njiani, kumbe uliagizwa mkononi.

Zoezi la wiki mbili

Panga mawe matatu kwa umbali wa mita 10, 15 na 20. Rusha mara 10 kwa kila jiwe, kwa nusu ya nguvu zako. Rafiki aandike kila rungu lilipoangukia: mbele, nyuma, kushoto au kulia. Usiongeze nguvu kabla ya kupata mara 7 kati ya 10. Likianguka mbele ya jiwe kila mara, achilia mapema kidogo. Likipita juu, chelewa kidogo.

Usalama

Warushaji wote wasimame mstari mmoja, na hakuna anayekwenda kuokota hadi wote wamalize. Watazamaji wakae nyuma ya warushaji, kamwe si mbele. Mkuki ubebwe wima, na usirushwe karibu na malisho au njia ya wanafunzi.

Mnyama hatari akionekana karibu na boma, ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) au kwa chifu wa eneo lako. Mkono uliofunzwa kurusha ujue pia wakati wa kutorusha.