Fayawoli unayo tayari, iweke sawa

Mwezi uliopita nilikuwa kwa mpwa wangu Tabata, kwenye nyumba ya wapangaji watano waliochangishana wakavuta intaneti, ruta moja ikatundikwa koridoni. Nilifungua kompyuta yangu, nikaunga Wi-Fi yao, nikabofya alama ya mtandao. Majina ya mashine za wapangaji yakajipanga mbele yangu. La mpwa wangu nalo lilikuwamo, na ndani yake folda ya picha na nyingine ya vyeti vyake vya chuo. Nilibofya mara mbili, ikafunguka. Siku alipokuwa anahamishia mafaili kwenye mashine mpya alizima nenosiri ili kazi iende haraka, akaziacha folda hizo wazi kwa kila mtu, kisha akasahau.

Yeye alijiona yuko salama kwa kuwa alishalipia programu ya kuzuia virusi. Ndiyo maana naandika haya.

Fayawoli, ambayo wengine huiita ukuta wa moto, ni bawabu wa kompyuta. Mawasiliano ya intaneti hupita kwenye milango yenye namba, zaidi ya 65,000, na bawabu ndiye anayeamua nani akibisha apokewe. Mlango namba 445, kwa mfano, Windows huutumia kushirikiana mafaili. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mlango huohuo, kikifunga mafaili ya watu na kudai fedha, bila mwenye mashine kubofya chochote. Mashine ambazo hazikuwa na masasisho ya Machi mwaka ule, na mlango huo ukiwa wazi, ndizo zilizoumia.

Watu huniuliza wanunue ipi. Kwa kompyuta ya nyumbani, usinunue. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 fayawoli yake ilikuja imezimwa, na Agosti 2003 kirusi cha Blaster kikapata njia rahisi. Mwaka uliofuata Microsoft wakatoa Service Pack 2 iliyoiwasha yenyewe, na tangu hapo Windows huja nayo ikiwa kazini. Inatosha kabisa. Ukiongeza ya pili juu yake, mbili hizo zinaweza kugombana, mtandao ukasuasua, nawe ukaishia kuzima zote mbili kwa hasira. Kama una programu ya kulipia yenye fayawoli yake ndani, angalia kwanza kama leseni bado hai. Ikiwa imekwisha, iondoe, kisha uhakikishe ile ya Windows imerudi kazini. Fungua Windows Security, ingia sehemu ya Firewall & network protection, uone kwamba imewashwa kwa aina zote tatu za mtandao zilizoorodheshwa pale. Wenye Mac waingie System Settings, kisha Network, kisha Firewall, kwa sababu huko mara nyingi huja imezimwa. Wenye Ubuntu waandike sudo ufw enable, na kazi imekwisha.

Sasa tuje kwenye kosa la mpwa wangu. Windows hutaka kujua mtandao uliounganishwa nao ni wa aina gani: "Private" au "Public". Wengi wakiwa nyumbani, naye akiwamo, huchagua la kwanza, wakiamini nyumbani ni nyumbani. Lakini nyumba ya kupanga yenye ruta moja ya koridoni haina tofauti na ukumbi wa mgahawa. Humjui mgeni wa jirani wala simu aliyokuja nayo. Chagua "Public". Utafungua Settings, uingie Network & internet, ubofye jina la Wi-Fi yako, na chaguo utaliona hapo. Mara moja kompyuta huacha kujitangaza kwa majirani, na ule mlango wa mafaili hufungwa kwa wanaobisha kutoka nje. Intaneti yako haipungui hata kidogo. "Private" ibaki kwa mwenye ruta yake mwenyewe, nenosiri lake mwenyewe, na haja ya kweli, kama printa inayotumiwa na familia.

Kisha lipo lile dirisha linaloibuka ghafla likiuliza kama programu fulani iruhusiwe. Hapa ndipo watu wengi huharibu, maana wanataka liondoke upesi, wanabofya ndiyo. Elewa linauliza nini: programu hiyo inataka kupokea wanaobisha kutoka nje. Kutoka kwenda mtandaoni inaruhusiwa tayari, Windows haiizuii. Kwa hiyo ukikataa, mara nyingi hakuna kitakachoharibika. Muziki utapiga, ukurasa utafunguka. Kataa kwanza. Kitu kikigoma, kwa mfano mchezo unaocheza na rafiki, rudi ukaruhusu hicho kimoja, kwa aina moja ya mtandao tu.

Ruhusa za zamani zimo kwenye orodha iitwayo Allow an app through firewall. Kwa mpwa wangu tulikuta michezo miwili aliyokwisha kuifuta, programu ya kushusha filamu, na moja ambayo hata yeye hakuijua. Tuliondoa tiki, moja baada ya nyingine. Ilituchukua kama dakika kumi, na chai haikupoa.

Kwa anayetumia bando la simu, fayawoli inaweza pia kuokoa pesa. Andika wf.msc kwenye sehemu ya kutafutia, ufungue Outbound Rules, uunde kanuni mpya, uichague programu inayokula data kimyakimya, uizuie. Usiizuie Windows Update yenyewe, kwa sababu masasisho ndiyo yanayoziba matundu kama lile la WannaCry. Ukitaka kuyachelewesha hadi upate Wi-Fi, weka alama ya Metered connection kwenye hotspoti yako.

Ruta nayo ina fayawoli yake. Badilisha nenosiri la mwanzo la kuingilia kwenye mipangilio yake, lile lililobandikwa chini yake, na uzime uwezo wa kuisimamia kutoka mbali.

Fayawoli haitakusaidia ukichomeka flash iliyotoka steshenari ikiwa na kirusi, au ukifungua mwenyewe kiambatanisho cha barua pepe usiyoitarajia. Kwa hayo bado unahitaji kizuia virusi na tahadhari yako.

Ukimaliza, mwombe jirani mnayeshiriki naye ruta afungue alama ya mtandao kwenye kompyuta yake. Jina la mashine yako lisionekane. Likionekana, rudi kwenye lile chaguo la "Public", kisha umwoneshe na yeye namna ya kuliweka, maana mashine yake nayo iko kwenye ruta hiyohiyo.