Somo la Mwezi: Nyumba ya Mfanyakazi na Ukingo wa Mto



Mto Rwizi huanzia milima ya Buhweju, kwenye mashamba ya chai, hupita Mbarara chini ya kilima cha Nyamitanga, kisha huelekea kwenye maziwa ya Mburo na Nakivale. Mchuma chai, mfanyakazi wa kiwanda mjini na mkimbizi wa Nakivale wote wanategemea mto huo mmoja.

Mafuriko hayaletwi na mvua peke yake. Bonde lenye mafunjo hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole. Bonde likilimwa mpaka ukingoni, na udongo wa matofali ukachimbwa humo, maji hushuka yote kwa mara moja pamoja na matope. Matope hujaza mkondo, na mto hutafuta njia nyingine, yaani kwenye nyumba zetu. Kiangazi kikifika, mto huohuo hupungua maji. Ndiyo maana kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinakataza kulima na kujenga ndani ya meta 100 kutoka ukingo wa Rwizi.

Tazameni Kilembe, wilaya ya Kasese. Wakati wa mgodi wa shaba, nyumba za wafanyakazi na hospitali vilijengwa katika bonde jembamba la mto Nyamwamba. Ilikuwa 1 Mei 2013, sikukuu yetu wenyewe, mto uliposhuka kutoka Rwenzori ukiviringisha mawe makubwa, ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali. Mei 2020 ukarudi tena, na hospitali ikaharibiwa vibaya.

Nyumba ya matofali mabichi isimame juu ya msingi wa mawe, paa litokeze nje ya ukuta, na mtaro usielekezwe kwa jirani. Hayo husaidia kwa maji ya mvua. Kwa mto uliojaa mawe hayafai kitu. Dawa ni kutokaa pale. Lakini mwenye kuchagua kiwanja cha kambi ni mwajiri, si mpangaji. Basi jambo hili liingie katika mazungumzo ya mkataba, pamoja na mishahara.

Swali la kujadili tawini: kambi yenu iko hatua ngapi kutoka mtoni, na maji yakija usiku, watoto watapitia njia gani?